Inzi wawili kwenye nailoni moja: kisa cha trauti aliyekata

Samaki alikata nailoni saa nne kasoro asubuhi, kwenye maji yasiyozidi kiuno, hatua sita kutoka niliposimama. Fimbo ya mpwa wangu ilikuwa imepinda vizuri, mara ikanyooka. Akavuta kamba, ikaja tupu: inzi wa juu hayupo, inzi wa chini hayupo.

"Mjomba, nailoni mbovu hii," akasema. Nikajua kesi imeshaamuliwa, maana nailoni niliinunua mimi.

Nailoni haikuwa mbovu. Tatizo lilikuwa jinsi tulivyoifunga na jinsi tulivyoirusha, na mizizi yake ilianzia mbali, Kayenze, kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye beseni la migonzo, zile kamba za ndoano nyingi, la baba yake. Naandika kisa chote hapa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, kwa sababu kila mvuvi wa ziwani ninayemsimulia huanza kwa kufikiri kama mpwa wangu alivyofikiri: ndoano mbili zinavua mara mbili.

Kwa asiyejua, inzi bandia ni ndoano ndogo iliyovishwa manyoya na uzi ifanane na mdudu wa majini. Ni mwepesi mno. Mfunge kwenye mshipi wa kawaida, rusha, ataanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye kamba yenyewe, kamba nene laini ambayo mvuvi huipeleka nyuma na mbele kwa fimbo ndefu mpaka inyooke hewani, ndipo aiache itue. Kati ya kamba hiyo na inzi kuna nailoni kama ya mita tatu, inayopungua unene kadiri inavyokwenda mbele. Kwenye mshipi wetu chubwi ndiyo inayoivuta kamba; huku kamba ndiyo inayoivuta ndoano. Mengi yaliyotukuta yalitokana na tofauti hiyo moja.

Na trauti hayupo Mwanza. Hawezi. Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa na nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na trauti anataka maji ya nyuzi 10 hadi 16. Yakipita 20 anaanza kuteseka. Waingereza ndio waliomleta Afrika Mashariki. Wale wa kahawia walitoka Uskoti wakawekwa kwenye mito ya milima ya Aberdare, Kenya, mwaka 1905, na wale wenye mstari wa waridi ubavuni wakafuata miaka michache baadaye. Kiganjo, karibu na Nyeri, kuna kituo cha serikali cha kutotoa vifaranga vya trauti tangu 1948. Mimi nilikaa upande ule miaka minne nikitengeneza pampu za mashambani, na mzee mmoja jirani yangu akanifundisha kurusha inzi, Jumapili kwa Jumapili, bila haraka yoyote. Nikarudi Mwanza na fimbo mbili na kiboksi cha inzi. Mtaani Kirumba wakaniita Bwana Manyoya, na jina hilo bado ninalo.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 23 na amekulia kwenye migonzo. Asiyeijua: ni kamba mama ndefu inayolazwa ziwani jioni, ina jiwe kila ncha na madumu ya kuelea kuonyesha ilipo, na kila baada ya hatua kadhaa inaning'inia kamba ndogo yenye ndoano na chambo, furu au kambare mdogo aliye hai, kumtafuta sangara. Ndoano ni mamia. Alfajiri wanapandisha. Pale kwao kamba hairudishwi kwenye beseni hovyo: mmoja anavuta, mwingine anaipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, na kila ndoano inachomekwa ukingoni kwa zamu yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ili kesho ishuke bila kugongana. Mpwa wangu alikuwa anafanya kazi hiyo ya vidole kabla hajaanza shule. Nitairudia baadaye.

Nilipomwambia mwezi wa nane naenda Nyeri kuvua na kwamba nauli yake ipo, swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwa nini unafunga mmoja?"

Nikamjibu kwamba si lazima awe mmoja. Wavuvi wa trauti wamefunga inzi wawili au watatu tangu zamani, ingawa yapo maji ambayo kanuni zake zinakataa. Basi, hilo la watatu ndilo alilolisikia.

Mawe ya Luchelele

Tulifanyia mazoezi Luchelele, ukingoni mwa ziwa pale Mwanza, juu ya mawe. Juu ya mawe kwa sababu mbili: nyuma hapana miti ya kunasa kamba, na sikutaka kijana asimame majini saa mbili nzima, kichocho kiko palepale. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa nchi kavu ukiwa mdogo. Kuanzia saa sita upepo wa ziwani unakuja usoni, na hapo hata mwenye inzi mmoja anarudi nyumbani.

Alikuja na kazi yake mwenyewe. Usiku alikuwa amefunga inzi watatu, wote wa aina moja, wazito, kwa waya mwembamba wa shaba aliouchomoa kwenye mota ya feni iliyoungua, na manyoya ya jogoo. Nilimsifu kwa dhati. Ule ufundi wa waya wa shaba badala ya uzi ndio uliomfanya Frank Sawyer, mtunza mto Avon kusini mwa Uingereza, akumbukwe na wavuvi mpaka leo: waya unampa inzi umbo na hapohapo unamzamisha. Mpwa wangu hakuwa amemsikia Sawyer. Alikuwa na feni mbovu.

Ila alivyowafunga! Kamba mama, halafu vikamba vitatu vya shibiri moja kila kimoja, vikiachana shibiri tatu sawasawa. Nailoni ni ileile ya milimita 0.18 kuanzia juu mpaka chini, kwani ndiyo pekee iliyokuwamo kwenye kiboksi changu. Ulikuwa mgonzo, mgonzo mdogo wa mita mbili. Niliona. Nikacheka, nikamwambia rusha.

Katika mirusho 20 ya kwanza, 11 ilirudi imesokotana. Nazungumzia msokotano wenyewe, inzi watatu wamekumbatiana, nailoni imepita ndani ya kitanzi na kitanzi ndani ya kingine. Kuufungua mmoja kulituchukua dakika nane kwa pini ya mama yake, tumechuchumaa juu ya jiwe, mdiria mmoja akituangalia kutoka kwenye mti mkavu. Alikuwa amepata samaki wawili kabla hatujamaliza.

Kwenye mrusho wa 14, nadhani, furu wawili walinasa kwa pamoja. Mmoja inzi wa kati, mmoja wa chini, vidogo kama kidole. Mpwa wangu akainua fimbo wakining'inia kama hereni na akaniangalia bila kusema neno. Nikaona hoja yangu imezama. Furu ni samaki wa ajabu, ziwa hili lilikuwa na zaidi ya spishi 500 zao kabla sangara hajawamaliza wengi, na wale wa mawe ya Luchelele huwa makundi wenye njaa. Ukitupa kifungo cha shati watakigombania. Hawathibitishi chochote kuhusu trauti. Lakini jaribu kumwambia hivyo kijana aliyeshika samaki wawili.

Kwa hiyo sikubishana naye juu ya idadi. Niliuliza swali jingine: msokotano unatokea saa ngapi?

Tukaacha kuvua, tukaangalia kamba hewani. Ukitazama kwa makini inaonekana wazi. Kamba inapokwenda nyuma, inzi wanaifuata kwa kuchelewa, na mzito huchelewa zaidi na kuzunguka chini kama timazi. Mpwa wangu alikuwa anaanza kuirudisha mbele kabla haijanyooka nyuma, tena kwa kukurupuka, mkono mzima, kama anayeirusha nanga. Kwa wakati mdogo nailoni yote inalegea. Katika kulegea huko inzi watatu wenye uzito wanakwenda kila mmoja njia yake, na kamba inapokazwa tena inawakuta wamepishana. Inzi mmoja angesamehe kosa hilo. Angekuachia kitu kidogo tu, fundo dogo la kawaida katikati ya nailoni, ambalo wavuvi hulisingizia upepo. Inzi watatu hawasamehi.

Kumweleza kwa maneno ya wataalamu hakukusaidia. Kilichosaidia ni kumkumbusha dada zake wakiruka kamba uani. Wawili wanazungusha, mmoja anaruka. Kamba inabaki duara kwa sababu haiachi kuvutwa hata kidogo. Mmoja akikurupuka, inaanguka. Basi fanya mduara: peleka kamba nyuma kwa ubavu, fimbo ikilala, usisimamishe, ipandishe, irudishe mbele kwa kupitia juu ya bega. Inzi hawapati nafasi ya kulegea. Mrusho mmoja nyuma, mmoja mbele, tua. Ile michezo ya kupunga hewani mara nne haina kazi kwa mwenye inzi wawili.

Hapa nilifanya kosa la uchunguzi ambalo mpwa wangu ndiye aliyeligundua. Nilimbadilishia vitu vitatu kwa mkupuo: nikatoa inzi wa kati, nikamweka mzito peke yake chini kabisa, na nikamfundisha mduara. Misokotano ikaisha karibu yote. Nikajipongeza. Akasema, "Sasa mjomba, dawa ni ipi kati ya hizo tatu?"

Tukarudia tangu mwanzo, mirusho 20 kila namna. Watatu kwa mduara: misokotano mitatu. Wawili kwa mrusho wake wa zamani wa nanga: sita. Wawili kwa mduara: mmoja, na huo alipiga chafya. Si takwimu za chuo, ni hesabu ya watu wawili juu ya jiwe, na kufikia mwisho alikuwa ameshaanza kuzoea. Lakini ilitosha kutuonyesha kwamba mkono ulikuwa na lawama kubwa kuliko idadi ya inzi.

Inzi wa pili ana kazi gani

Hii ndiyo sehemu niliyoshindwa kuieleza vizuri siku ile, na nadhani ndiyo iliyotuponza baadaye.

Mgonzo unalala. Maji ni yaleyale, kina ni kilekile, ndoano ya 200 inauliza swali lilelile la ndoano ya kwanza, na sangara anapita popote usiku kucha. Hapo wingi ni mali. Trauti wa mtoni anakaa sehemu moja, nyuma ya jiwe au chini ya ukingo, anasubiri mto umletee chakula, na chakula kinapita kwenye kina fulani: leo juu kabisa, kesho sakafuni. Mvuvi hajui ni wapi. Inzi wawili wanamsaidia kuuliza sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mmoja anaelea, mmoja anazama. Akishajibiwa mara tatu chini, anajua. Inzi watatu wazito wa aina moja, walioachana shibiri tatu, wanauliza swali moja kwa kelele.

Namna ya kuwafunga ziko nyingi, mbili zinatosha. Ya kwanza ni kuacha mkia kwenye fundo linalounganisha nailoni mbili, sentimita 10 hadi 15, na kumfunga inzi wa juu kwenye mkia huo. Mkia unaotumika ni ule wa nailoni ya juu, unaotazama chini, ili samaki akivuta avute kwenye kipande kilichonyooka moja kwa moja mpaka kwenye kamba. Ule mwingine unavuta fundo kinyume. Mkia ukiwa mrefu kuliko hapo unajizungusha kwenye nailoni kama mjusi kwenye kamba ya nguo. Ya pili ni rahisi: nailoni ya inzi wa chini inafungwa kwenye kipindo cha ndoano ya inzi wa juu. Inarushika vizuri na haisokotani ovyo. Ubaya wake ni kwamba samaki anayemkataa inzi wa juu dakika ya mwisho anaweza kunaswa tumboni na ndoano ya chini inayofuata nyuma.

Tulichagua ya pili. Juu, inzi wa kuelea namba 12 mwenye shingo ya manyoya magumu ya kahawia. Chini, yule wa waya wa feni, namba 14, sentimita 50 chini yake. Namba hizi zinakwenda kama za ndoano za migonzo, ikipanda ndoano inapungua, kwa hiyo hapo hatukupotezana. Vijino vya ndoano tulivibana kwa koleo vikalala. Yule wa juu anafanya kazi ya boya vilevile: akizama au akisita, kuna kitu chini. Na huo urefu wa sentimita 50 una sababu. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa kuwa chini yanasuguana na mawe. Inzi anayeelea anamburuta mwenzake kwenda haraka kuliko mdudu halisi angekwenda. Nailoni fupi sana, anaburutwa bila hata kufika chini. Ndefu sana, samaki anatafuna na kutema wa chini kabla wa juu hajapata habari.

Nailoni ilikuwa 0.18 juu, 0.18 chini. Nilijua kipande cha chini kinatakiwa kiwe chembamba zaidi, 0.15 ingefaa. Sikuwa nacho, na madukani Mwanza nailoni zimejaa za kuvulia sato na sangara, nene. Nikajiambia itatosha.

Mtoni

Safari naipita haraka: basi mpaka Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, tukalala Nakuru, kesho yake Nyeri. Leseni tulikata. Mpwa wangu hakuwa amewahi kuona mvuke ukitoka mdomoni mwake mwenyewe, alitumia nusu saa akiupuliza. Mto ni mmoja wa ile inayoshuka Mlima Kenya, maji maangavu, kipimajoto changu kilisoma nyuzi 13.

Siku ya kwanza alipata trauti wanne, watatu kwa inzi wa feni. Mimi mmoja. Jioni yule mzee wangu alikuja kutusalimia, akamshika inzi wa waya wa shaba, akamgeuza kwenye mwanga wa taa na kuuliza anauzwa wapi. Swali zito hilo, katika nchi ambayo mikono yake hufunga inzi bandia wanaotumiwa kuvulia huko Ulaya na Marekani.

Siku ya pili jua lilifika kwenye bwawa la pili saa tatu na nusu, wadudu wakaanza kuruka, na trauti akapanda kumla inzi wa juu. Nilimwona akiufungua mdomo. Kijana akainua fimbo, samaki akageuka akashuka kuelekea ukingo wenye mizizi. Akamzuia kidogo, fimbo ikapinda, kisha kitu kikagoma. Hakikuwa samaki, samaki anatetemesha fimbo, hiki kilikuwa kimetulia. Sekunde mbili, tatu. Halafu ikawa ile niliyoanza nayo.

Nilikuwa nakagua ncha ya nailoni niliposikia ananiita kwa sauti ya chini. Alikuwa anaonyesha mizizi. Ndani ya maji, kama futi mbili chini, kitu cheupe kilikuwa kinageuka, kinapotea, kinageuka tena palepale. Samaki hakuwa amekwenda popote.

Aliingia na suruali yake. Maji yalipomfika tumboni alitoa sauti ambayo sitaiandika. Akanyoosha mkono kando ya mzizi, akapapasa, akasimama. "Imekazwa," akasema. Akaishika ile nailoni kwa vidole viwili, akaifuata polepole kuelekea kwa samaki, kichwa chake akiwa amekigeuzia upande kama wanavyofanya wanaopapasa kitu wasichokiona. "Mjomba. Huu mgonzo."

Na kweli ulikuwa mgonzo. Inzi wa chini alikuwa amenasa kwenye mzizi. Inzi wa juu alikuwa mdomoni mwa trauti. Kati yao sentimita 50 za nailoni ya 0.18, nzima kabisa, na samaki amefungwa kwenye mti wa Nyeri kama sangara anavyofungwa kwenye kamba ya Kayenze. Akamtoa kwa kumkumbatia kifuani. Samaki aliporuka, ndoano ya mzizini ilichomoka ikamwingia kwenye kidole. Kwa kuwa kijino kilikuwa kimebanwa, ilitoka kwa kuvuta tu. Nilimwambia wengine hupenda kuwarudisha. Akanitazama kama nimetukana. Kwao samaki aliyenasa harudishwi, na huyu alikuwa ameogelewa.

Kilichokatika na kwa nini

Pale pale ukingoni nilikuwa na maelezo tayari, tena mazuri. Ndoano mbili zikinasa vitu viwili, samaki upande mmoja na mzizi upande wa pili, lazima kitu kikatike, na kazi ya mfungaji ni kuchagua mapema kitakatika nini. Kipande cha chini kingekuwa chembamba, kingekatika chenyewe; tungepoteza inzi mmoja, samaki angebaki kwenye fimbo. Tulifunga unene mmoja, kwa hiyo tuliuachia mto uchague.

Mpwa wangu akasikiliza, kisha akaniambia kitu kilichoniuma: kwenye migonzo vikamba vya ndoano huwa dhaifu kuliko kamba mama siku zote. Mwamba ukishika ndoano, unakata kikamba kimoja, kamba mama inapanda na zile nyingine zote. "Hiyo hata mtoto anajua." Sasa kwa nini hukufanya? "Nilidhani vitu vya fimbo vina sheria zake."

Yaani kati ya mambo yote ya migonzo, alileta lile lisilofaa, wingi wa ndoano, akaliacha nyumbani lile lililofaa. Na mimi niliyemcheka kwa la kwanza sikumuuliza la pili.

Ningeishia hapo, ila kwenye basi, kati ya Kisii na mpaka, nilianza kupiga hesabu nikaona maelezo yangu hayatoshi. Nguvu ya nailoni, ikiwa ni ya aina moja, inafuata eneo la mkato wake, yaani mraba wa unene. Chukua 0.15 mara 0.15, gawa kwa 0.18 mara 0.18: unapata 0.69. Kipande cha chini kingekuwa na karibu asilimia 70 ya nguvu ya cha juu. Vizuri, kingekatika kwanza. Lakini nilikuwa nimeihifadhi ile ncha iliyokatika, nimeizungushia kwenye karatasi ya tiketi, nikaitoa. Haikukatika kwenye fundo la inzi. Ilikatika shibiri moja juu yake, mahali pasipotakiwa kuwa na fundo, na kwenye ncha ile nailoni ilikuwa imejikunja kidogo, kama ilipita kwenye kitanzi. Lilikuwa lile fundo dogo linalosingiziwa upepo. Fundo la namna hiyo linaweza kula karibu nusu ya nguvu ya nailoni.

Nusu ni chini ya asilimia 70. Kwa maneno mengine, hata ningefunga 0.15 chini kama nilivyokuwa nahubiri ukingoni, bado pangekatika palepale juu, na samaki angebaki amefungwa mzizini vilevile. Unene peke yake usingetuokoa. Kulikuwa na makosa mawili yaliyoshikana mikono: kipande cha chini kilikosa udhaifu kiliotakiwa kuwa nao, na cha juu kilikuwa na udhaifu ambao hakuna aliyeujua. Huo wa pili ulitoka mkononi, kwenye mrusho wa nanga uliorudi asubuhi ile baridi ilipomkaza mabega.

Nikamwamsha nikamwonyesha. Akaishika ile ncha, akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yakiwa yamefumba. Akairudia mara mbili. Hakusema kitu mpaka Sirari.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tena Luchelele. Nailoni ya 0.15 niliipata Nyeri kabla hatujaondoka, roli mbili. Alifunga wawili, wa kuelea juu, wa feni chini, kipande chembamba kati yao. Alirusha mara tano kwa mduara. Kisha akaikusanya kamba, akaishika nailoni pale inapoanza, na kuipitisha yote kwenye vidole, kama wanavyoipitisha kamba Kayenze alfajiri, taratibu, sentimita kwa sentimita, mpaka kwa inzi. Akarusha mara tano nyingine. Akapitisha tena. Nikamuuliza kama atakuwa anafanya hivyo kila baada ya mirusho mitano siku nzima.

Vidole vikasimama, shibiri mbili juu ya inzi wa kuelea. "Mjomba, lipo," akasema, akaanza kutafuta mkasi mfukoni.